Unajimu wa Kihindi Si Huu wa Safu ya Nyota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maelezo kuhusu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, ambayo mwandishi wake aliwaahidi wasomaji utabiri wa mwaka mzima kwa mujibu wa unajimu wa kale wa Kihindi, kisha akawagawa watu katika nyota kumi na mbili kwa tarehe zile zile zinazotumika katika safu yenu ya kila Jumapili: Punda kuanzia tarehe 21 Machi, Ng'ombe kuanzia tarehe 20 Aprili, na kuendelea hivyo hadi Samaki. Mimi si Mhindu wala si mnajimu. Nimekuwa mwalimu wa jiografia hapa Tanga hadi kustaafu kwangu, na ni mambo ya mzunguko wa dunia na mwendo wa jua yaliyonivuta kusoma namna Wahindi wanavyozihesabu nyota zao. Sina nia ya kuutetea utabiri wenyewe, na nitalisema hilo waziwazi baadaye. Ninacholalamikia ni kwamba kilichochapishwa hakina uhusiano na elimu iliyotajwa kwenye kichwa chake, na msomaji aliyekiamini, au hata aliyekicheka, amekiamini au amekicheka kitu kingine kabisa.

Kwanza ieleweke kwamba Wahindi wenyewe hawana unajimu mmoja. Mkondo unaofuatwa na wengi unanasibishwa na mzee wa hekima aitwaye Parashara, na kitabu kikubwa kinachobeba jina lake ndicho wanajimu wengi wa leo wanachokirejea, ingawa wataalamu wa maandishi ya Kisanskriti wanakiona kuwa ni mkusanyiko wa tabaka za nyakati mbalimbali, si kazi ya mtu mmoja. Upo mkondo wa Jaimini, ambao una namna yake ya kuzifanya buruji, yaani zile nyota kumi na mbili za Punda hadi Samaki, zitazamane. Upo pia mkondo uitwao Tajika, uliochukuliwa kutoka kwa Waarabu na Waajemi, na kitabu chake maarufu kiliandikwa na Nilakantha mwaka 1587. Katika karne ya 20, K. S. Krishnamurti wa kusini mwa India alianzisha mkondo wake mwenyewe. Nalitaja hili kwa sababu utabiri wa mwaka mmoja mmoja, ambao mwandishi wenu aliuita wa kale na wa Kihindi, kwa Wahindi ndiyo kazi hasa ya huo mkondo wa Tajika, yaani ule uliotoka kwa majirani zao wa magharibi. Katika barua hii nitajibana kwenye misingi ya Parashara peke yake.

Historia yake nitaipitia kwa haraka. Jyotisha, yaani elimu ya mianga ya mbinguni, ilihesabiwa kuwa mojawapo ya elimu sita za kusaidia Veda, vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu, na kazi yake ya awali ilikuwa kupanga kalenda ili ibada na sadaka zifanyike kwa wakati wake. Haikuwa na habari za bahati ya mtu binafsi. Hesabu za kumtabiria mtu kutokana na saa aliyozaliwa ziliingia India katika karne za mwanzo baada ya Kristo kwa mawasiliano na Wagiriki, na kufikia karne ya 6, wakati wa mnajimu mashuhuri Varahamihira, zilikuwa zimekwisha kuyeyushwa na kuchanganywa na mambo ya Wahindi wenyewe kiasi cha kuwa elimu mpya. Kwa hiyo neno "kale" linahitaji uangalifu, maana sehemu moja ni ya kale sana na nyingine ilifika baadaye kwa njia ya bahari na misafara.

Sasa nije kwenye tarehe, ambako kosa ni la wazi kuliko yote. Wazungu huanza kuhesabu buruji zao pale jua linapokuwa katika ile siku ya Machi ambapo mchana na usiku hulingana, na hapo ndipo mwanzo wa Punda kwao, bila kujali nyuma ya jua kuna nyota gani. Wahindi wa mkondo wa Parashara huanza kuhesabu kutoka kwenye nyota zenyewe zisizohama. Zamani sehemu hizo mbili zilikuwa pamoja, lakini mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, na kwa sababu hiyo ile sehemu ya Machi hurudi nyuma katikati ya nyota kwa digrii moja hivi kila baada ya miaka 72. Tofauti iliyokwisha kukusanyika, ambayo wao huiita ayanamsha, imefikia takriban digrii 24, na buruji moja nzima ina digrii 30 tu. Matokeo yake ni kwamba watu wanne katika kila watano, wakihesabiwa Kihindi, jua lao hurudi nyuma buruji moja. Msomaji aliyezaliwa tarehe 5 Aprili, ambaye safu yenu humwita Punda, kwa Mhindi jua lake liko Samaki, kwa kuwa jua haliingii Punda hadi karibu na tarehe 14 Aprili. Hata sikukuu ya Makar Sankranti, inayoadhimisha jua kuingia buruji ya Mbuzi, husherehekewa siku hizi karibu na tarehe 14 Januari, wakati kwa hesabu ya Ulaya jua huingia Mbuzi mnamo tarehe 21 au 22 Desemba.

Kiasi kamili cha ayanamsha kina ubishi wake. Serikali ya India iliunda mwaka 1952 kamati ya kurekebisha kalenda, chini ya uenyekiti wa mwanafizikia Meghnad Saha, na kutokana na kazi yake kikapatikana kiwango rasmi kinachojulikana kwa jina la Lahiri, ambacho kinaiweka nyota ya Chitra karibu kabisa na digrii 180 kutoka mwanzo wa Punda. Mnajimu mashuhuri wa Bangalore, B. V. Raman, alitumia kiwango chake, kilicho pungufu kwa zaidi ya digrii moja. Msomaji anaweza kudhani digrii moja ni kitu kidogo. Nitaonyesha hapo chini kwamba katika elimu hii inaweza kusogeza kipindi cha maisha ya mtu kwa miezi kadhaa na hata kwa mwaka mmoja na nusu.

Hata hivyo, tarehe si jambo kubwa kwa Mhindi, na hapa ndipo makala yenu ilipopotea njia kabisa. Kwake yeye, buruji ya jua si ya kwanza kuulizwa. La kwanza ni lagna, yaani ile buruji inayochomoza upeo wa mashariki mtoto anapozaliwa, mahali pale alipozaliwa. Kwa kuwa dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24, buruji zote kumi na mbili huchomoza kwa zamu ndani ya siku moja, kila moja ikichukua takriban saa mbili. Watoto wawili waliozaliwa katika wodi moja, mmoja saa tatu asubuhi na mwenziwe saa sita mchana, wana jua katika buruji ile ile lakini lagna zao ni tofauti, na kwa mnajimu wa Parashara hao ni watu wawili wenye ramani mbili zisizofanana. Ndiyo maana familia za Kigujarati tunazoishi nazo huku pwani, zinapotaka janmakshar ya mtoto, yaani ramani yake ya kuzaliwa, huulizwa tarehe, saa na dakika, na mji. Wengi wetu tukiulizwa saa tuliyozaliwa tutajibu kwamba tuliambiwa ilikuwa alfajiri, au siku ile mvua kubwa iliponyesha, na jibu hilo halimfai mnajimu. Kuna na mtego mwingine mdogo: siku ya almanaka ya Kihindi huanza jua linapochomoza, ilhali sisi Waswahili tumezoea siku kuanza magharibi, hivyo mtoto wa saa kumi usiku wa kuamkia Jumanne, ambaye bibi yake anamwita wa Jumanne, kwa Mhindi bado ni wa Jumatatu.

Buruji ya lagna ikishajulikana, hiyo huwa nyumba ya kwanza, inayofuata ni ya pili, na kuendelea hadi ya kumi na mbili. Nyumba ya kwanza ni mwili na hali ya mtu mwenyewe, ya nne ni mama na makazi, ya tano ni watoto na akili, ya saba ni mwenzi wa ndoa, ya tisa ni bahati na mwenendo wa dini, ya kumi ni kazi na heshima mbele za watu. Nyumba za sita, nane na kumi na mbili huogopwa, kwa kuwa humo mna maradhi, madeni, maadui, mauti na hasara. Ndani ya nyumba hizi husambazwa zile wanazoziita graha tisa: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura, Zohali, na mbili zisizoonekana, Rahu na Ketu, ambazo kwa jiografia ya kawaida ni zile sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi inakatana na njia ya Jua, na karibu na hapo ndipo kupatwa kwa jua au mwezi hutokea. Sayari za mbali zilizogunduliwa kwa darubini hazimo katika hesabu ya mapokeo, na makala yenu iliyozitaja Uranus na Neptune ilijifichua hapo hapo.

Msingi ambao mimi binafsi naona ndio akili ya mkondo huu ni huu: sayari haihukumiwi kuwa ya heri au ya shari kwa asili yake tu, bali kwa nyumba inazozimiliki katika ramani ya mtu husika. Tumchukue Zohali, ambaye watu wote humwogopa. Yeye ndiye mwenye buruji za Mbuzi na Ndoo. Kwa mtu ambaye lagna yake ni Mizani, Mbuzi huwa nyumba ya nne na Ndoo huwa ya tano. Nyumba ya nne ni mojawapo ya nguzo nne za ramani, ambazo ni ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi, na ya tano ni mojawapo ya zile tatu za baraka, ambazo ni ya kwanza, ya tano na ya tisa. Kanuni ya Parashara inasema kwamba mwenye nguzo na mwenye baraka wakishikana huzaa yoga ya ufalme, yaani muungano wa sayari unaoleta cheo, na hapa wote wawili ni Zohali mmoja, basi kwa mtu wa Mizani Zohali ndiye mfadhili wake mkuu. Kwa mtu wa lagna ya Kaa, Zohali yule yule anamiliki nyumba ya saba na ya nane, na hapo hatazamwi kwa jicho zuri. Mwandishi aliyetangaza kwamba mwaka huu Zohali atawatesa wote, bila kuuliza lagna ya yeyote, alikuwa ameuacha msingi wenyewe mlangoni.

Sayari pia hutazamana. Kila moja huitazama nyumba ya saba kutoka pale ilipo, lakini Mirihi ameongezewa ya nne na ya nane, Mshtarii ya tano na ya tisa, na Zohali ya tatu na ya kumi. Nguvu zao hupanda na kushuka kwa buruji: Jua hutukuka katika Punda, Mwezi katika Ng'ombe, Mshtarii katika Kaa, na kila moja hudhoofika katika buruji inayoelekeana na hiyo. Kuna vilevile ramani za mgawanyo, ambapo kila buruji hukatwa vipande, na inayotumika zaidi ni ile ya vipande tisa inayoangaliwa kwa mambo ya ndoa, sitaingia humo.

Kinachoutofautisha unajimu huu na mwingine wote ni nafasi ya Mwezi na hesabu ya vipindi. Njia ya Mwezi hugawanywa katika manzili 27 ziitwazo nakshatra, kila moja ikiwa na digrii 13 na dakika 20 (dakika hapa ni sehemu moja ya sitini ya digrii, si ya saa). Waliosoma falaki ya Kiislamu hapa pwani watakumbuka kwamba za Waarabu ni 28. Kila nakshatra ina sayari yake mlezi, na sayari hizo hugawana miaka 120 ya maisha kwa mfuatano usiobadilika: Ketu miaka 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19 na Utaridi 17. Mtu huanza maisha katika kipindi cha mlezi wa nakshatra ambamo Mwezi ulikuwa alipozaliwa. Tuseme mtoto amezaliwa Mwezi ukiwa digrii 20 za Ng'ombe. Hiyo ni nakshatra ya Rohini, inayoanzia digrii 10 za buruji hiyo na kulelewa na Mwezi. Mwezi umekwisha kupita digrii 10 kati ya 13 na dakika 20, yaani robo tatu, kwa hiyo imebaki robo moja ya miaka 10, ambayo ni miaka miwili na nusu. Baada ya hapo mtoto ataingia kipindi cha Mirihi hadi umri wa miaka tisa na nusu, kisha Rahu hadi miaka 27 na nusu, kisha Mshtarii hadi miaka 43 na nusu, na kuendelea. Hapo ndipo ubishi wa ayanamsha unapouma: ukisogeza Mwezi digrii moja na nusu ndani ya nakshatra inayolelewa na Zuhura mwenye miaka 20, umesogeza mambo yote yaliyobaki kwa zaidi ya miaka miwili, na harusi iliyotabiriwa inaweza kuangukia kipindi cha sayari nyingine.

Mnajimu akiulizwa lini, hujibu kwa vipindi hivi, na mwendo wa sayari angani kwa wakati huo huwa wa kuthibitisha tu. Ule mwendo unaotisha watu zaidi ni sade sati, miaka saba na nusu ambayo Zohali huitumia kupita buruji iliyo kabla ya Mwezi wa mtu, buruji ya Mwezi yenyewe na ile inayofuata, miaka miwili na nusu kila moja. Kwa kuwa Zohali hulizunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi, wakati wowote ule robo ya watu wote duniani wamo katika sade sati, na nadhani hesabu hiyo peke yake ingetosha kupunguza hofu na biashara ya pete na mawe inayouzwa juu yake. Nasema vivyo hivyo kuhusu wasichana wanaokataliwa ndoa kwa kuambiwa Mirihi yao imekaa vibaya, wakati wanajimu wenyewe wana orodha ndefu ya hali zinazoifuta kasoro hiyo.

Kuna sehemu moja ambapo elimu hii na mapokeo yetu yanakutana, nayo nimeiona ikinivutia kuliko zote. Wazee wetu wanaopiga falaki huchukua jina la mtu na jina la mama yake, hulitia katika hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, hutoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yake. Kwetu, basi, jina hutangulia nyota. Kwa Wahindi nyota hutangulia jina: kila nakshatra ina robo nne, kila robo ina silabi yake, na mtoto hupewa jina linaloanza na silabi hiyo, kwa mfano aliyezaliwa katika Ashwini huanza na Chu, Che, Cho au La. Saa ya kuzaliwa ikiwa haijulikani, wao pia hurudi nyuma kutoka jina hadi buruji, na ndiyo maana magazeti ya Kigujarati huandika herufi kando ya kila buruji badala ya tarehe. Gazeti lako lingefanya hivyo, ningekaa kimya.

Niliahidi kusema ninavyouona utabiri wenyewe. Mwanaastronomia Jayant Narlikar na wenzake, huko Maharashtra, walikusanya habari za kuzaliwa za wanafunzi 100 wanaofanya vizuri shuleni na watoto 100 wenye ulemavu wa akili, wakawaomba wanajimu wazitenganishe. Wanajimu 27 walirudisha majibu, kila mmoja akiwa amepewa ramani 40, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 wastani wa majibu sahihi ulikuwa chini ya nusu, yaani kurusha sarafu kusingekuwa na hasara. Wapo waliolalamika kwamba jaribio halikuwa la haki. Kwa upande mwingine, Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua mwaka 2004 kutozuia somo hili kufundishwa katika vyuo vikuu, uamuzi ambao haukuwa ushahidi kwamba utabiri ni kweli. Mimi nabaki na wale wanaoliona jaribio la Narlikar kuwa na uzito. Lakini jaribio hilo lilifanywa kwa ramani kamili zenye saa na mahali, likaukosoa unajimu wa Kihindi kwa masharti yake wenyewe, na huo ndio uungwana ambao makala yenu haikuonyesha, si kwa wanaoamini wala kwa wasioamini.

Ombi langu ni kwamba, ikiwa makala hizo zitaendelea, ama neno "Kihindi" liondolewe, ama tarehe zirekebishwe, jua likiingia Punda karibu na tarehe 14 Aprili na kila buruji kwenye katikati ya mwezi wake, na wasomaji waambiwe kwamba Mhindi huuliza lagna na buruji ya Mwezi kabla ya kuliangalia jua. Na mwandishi akipenda kunijibu, ningefurahi aseme alitumia ayanamsha ipi, na kama utabiri wake wa mwaka aliuhesabu kutoka kwenye lagna, kutoka kwenye Mwezi, au kwa njia ya Tajika.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Tanga